Kisu cha Mzee Joakimu Kimeonekana Mnadani

Katesh,
19 Mei 2024

Kaka Theodory,

Shikamoo. Wifi Bernadina naye nampa shikamoo yake, na mgongo wake nimeuombea leo kwenye misa ya Pentekoste. Padri alihubiri mpaka mgongo wangu nao ukahitaji maombi. Huku tuko wazima. Mvua imewaachia wa kule nyumbani Gitting maharage ya kutosha, sisi wa mjini imetuachia matope. Kile chumba nilichopanga karibu na soko baada ya maporomoko ya mlima kunichukulia nyumba kule Jorodom hakivuji tena, maana mwenye nyumba amechoshwa na kelele zangu akapanda mwenyewe kwenye bati.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ina ugonjwa. Nikitaja jina la mdogo wetu Evarist, mtandao unakata. Nikitaja bei ya vitunguu saumu, mtandao unarudi na unasikika vizuri kama uko chumba cha pili. Sasa barua haina mtandao. Utaisoma yote, na ukigoma Bernadina atakusomea kwa sauti.

Jambo lenyewe ni hili: kisu cha baba kimeonekana.

Nilikuwa mnadani natafuta sufuria. Nikapita kwa Yahaya, yule anayetandaza turubai lake la vyuma vya mtumba, spana, makufuli yasiyo na funguo, mikasi ya wazungu waliokwisha kufa. Katikati pale nikaona kisu cha kukunja, mpini wa pembe, shaba kwenye ncha zote mbili za mpini. Kaka, moyo ulinipiga. Ni kama kile kabisa alichopewa baba na fundi wa matrekta kule mashamba ya ngano Basotu, kile alichotembea nacho mpaka anakufa. Nimemuuliza Yahaya amekipata wapi, akasema kwenye mzigo. Mzigo gani? Mzigo tu. Nimekinunua.

Maana yake unaijua, lakini nitaiandika ili usiseme barua haikuwa wazi. Nyumbani kwetu nyama ya karamu haikatwi jikoni. Mbavu zinaletwa nzima, kisu kinazunguka, kila mwanaume anajikatia. Siku ya kumaliza matanga ya baba ulisimama mbele ya ukoo ukasema kisu cha marehemu hakipo, aliyekuwa akiishi na marehemu ni Evarist, na mkono wa namna hiyo usishike kisu tena kwenye nyama ya ukoo. Tangu mwaka 2019 mtu mzima mwenye mvi anakaa kwenye karamu akisubiri kuletewa nyama iliyokatwa tayari kwenye sahani, kama mtoto anayeota meno. Na anayemkatia ni mimi, maana wengine wanacheka.

Tarehe kumi na mbili Oktoba anamwoza Violeth, binti yake wa kwanza. Wakwe watakuja Gitting na magari mawili. Unataka wamwone baba wa bibi harusi anakatiwa nyama?

Niandikie mstari mmoja tu: Evarist ashike kisu. Mimi nitausoma mbele ya ukoo. Huna haja hata ya kuja.

Mdogo wako,
Philomena


Dongobesh,
8 Juni 2024

Philomena mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu kondakta aliiweka chini ya boksi la vifaranga, nao wameisoma kabla yangu, kama utakavyoona ukija siku moja nikuonyeshe bahasha. Bernadina anasema asante kwa maombi, mgongo umepungua, umehamia kwenye goti. Vitunguu saumu vimesimama vizuri, na sitataja bei, usije ukasema ndiyo habari pekee ninayoisikia.

Nimesoma habari ya kisu. Nimecheka kidogo. Wewe ndiye uliyenunua saa ya dhahabu pale Babati, ikaota kutu kabla basi halijafika Dareda. Sasa umekuwa mtaalamu wa visu?

Mimi nilikuwa bwana mifugo miaka ishirini na nane. Nimekagua nyama katika machinjio matano ya wilaya hii. Visu vingi vimepita mkononi mwangu kuliko vijiko vilivyopita mdomoni mwako. Kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe si kitu cha ajabu. Viko vya kweli na viko vya kuigiza. Vya kuigiza vina mpini wa plastiki uliopakwa rangi ya pembe, pini za chuma zilizochovywa rangi ya shaba, na ubapa wa chuma kisichoshika kutu, unang'aa lakini haukati hata ugali.

Usikurupuke. Fanya hivi. Kwanza chukua sumaku, hata ya spika mbovu ya redio, uisogeze kwenye pini. Shaba haivutwi. Pili, pasha sindano mpaka iwe nyekundu, uguse mpini mahali pasipoonekana. Pembe hutoa harufu ya nywele zilizoungua, plastiki utaijua mwenyewe. Tatu, kata limau, paka maji yake kwenye ubapa, uache mpaka asubuhi. Chuma cha zamani kitageuka kijivu. Hiki cha siku hizi kitabaki kukuchekea.

Ukimaliza niandikie majibu, bila maneno mengi kama una uwezo.

Kuhusu Evarist sijasema kitu, na barua hii haisemi kitu.

Kaka yako,
Theodory J.


Katesh,
30 Juni 2024

Kaka Theodory, shikamoo.

Baridi ya huku usiulize. Asubuhi mlima Hanang hatuuoni kabisa, tunajua tu upo kwa sababu kodi ya nyumba nayo ipo. Wifi mwambie goti alifunge kitambaa cha sufu, asikusikilize wewe na dawa zako za ng'ombe.

Majibu ya mtihani, mheshimiwa mkaguzi. Sumaku nimeazima kwa fundi redio. Pini hazikuvutwa. Sindano niliipasha kwenye jiko la mkaa, nikagusa mpini, na ikatoka harufu ya nywele kiasi kwamba jirani yangu Shamimu alikuja mbio akiuliza nani ameungua. Nikamwambia hakuna, kaka yangu mkubwa anakagua kisu kutoka Dongobesh. Akanitazama, akasema kwao kaka mkubwa huwa anakagua kwa kuja. Na limau nililipaka jioni, asubuhi ubapa umekuwa wa kijivu wenye bluu kidogo, kama alivyosema profesa.

Kwa hiyo kisu kimefaulu. Kimefaulu vizuri kuliko wewe ulivyofaulu darasa la saba, maana matokeo yako nayakumbuka, na baba pia aliyakumbuka mpaka mwisho.

Sasa nikuambie kitu bila mzaha. Jumapili iliyopita nilikwenda Gitting. Evarist ametenga dume lake la rangi ya majivu kwa ajili ya harusi. Amelinenepesha mwenyewe, analiita kwa jina. Tulikuwa tumekaa, mke wake anachambua maharage, na Evarist akaniuliza huku anatabasamu: "Dada, siku ile utanikatia wewe au nimwombe Violeth? Maana wewe unakata vipande vikubwa." Nilicheka naye. Kisha nikasingizia kwenda jikoni kuangalia chai, nikalia mpaka chai ikachemka ikamwagika. Nimechoka kumkatia nyama mdogo wangu, Theodory. Nimechoka kabisa.

Mstari mmoja. Karatasi unayo.

Philomena


Dongobesh,
27 Julai 2024

Philomena,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Bernadina hajambo.

Majaribio matatu hayatoshi. Yanaonyesha tu kwamba kisu ni cha zamani, hayaonyeshi kwamba ni cha baba. Vya zamani viko vingi, wewe mwenyewe ni mmojawapo wa vitu vya zamani na hakuna anayesema wewe ni urithi wa mfalme.

Yako mambo ya kutazama ambayo mtu asiye na uzoefu hawezi. Springi ikoje? Ukifungua nusu, inasimama au inapita? Ubapa ukiushika kwa vidole viwili ukautikisa, unacheza? Ukikifunga ukakiinua kwenye mwanga, mgongo wa springi umekaa sawa na shaba au umeinuka? Ubapa umeliwa kiasi gani na jiwe la kunolea? Usinijibu kwa barua, utaniandikia mashairi. Nitumie kisu chenyewe.

Harusi sitafika. Oktoba ni wakati mgumu shambani.

Theodory J.


Katesh,
4 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Kisu hicho hapo, ndani ya kopo la kakao, nimekifunga kwa kipande cha kanga. Kondakta nimemwambia ni dawa ya goti la wifi, maana angejua ni kisu angekitumia kumenyea machungwa mpaka Dareda. Kopo nalitaka lirudi.

Wakati mgumu shambani Oktoba? Vitunguu saumu unavuna Agosti, na Oktoba unakaa barazani unahesabu magari. Lakini haya, kagua. Kagua kwa macho, kagua kwa ulimi ukitaka. Halafu uandike.

Philomena


Dongobesh,
31 Agosti 2024

Philomena mdogo wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kutoka kwa Bernadina. Goti sasa linaingia jikoni lenyewe. Tumemaliza kuvuna, tumesuka mafungu, nyumba nzima inanuka vitunguu mpaka paka amehama. Kopo la kakao limefika salama na litarudi.

Nimekaa na kisu hiki wiki mbili. Nimekitazama asubuhi, nimekitazama mchana kwenye jua, nimekitazama kwa ile miwani ya kusomea. Sasa nakupa taarifa kamili, uiweke mahali pazuri, maana kwa kazi ya namna hii watu hulipa.

Ni kisu kizuri. Hilo nakubali, hukuibiwa. Pembe ni ya ng'ombe kweli, imesuguliwa kwa mashine na si kwa mkono, unaona mistari yake imelala upande mmoja. Springi ni kali, ukifungua nusu inasimama, ukimalizia inalia kwa sauti kavu. Ubapa hauchezi hata kidogo. Mhuri wa mtengenezaji umefutika, zimebaki herufi mbili tu na kitu kama nyota. Makali yamenolewa mara chache sana, tumbo la ubapa bado limejaa. Mwenyewe alikuwa mzungu mvivu au alikiweka kabatini. Nimejaribu kumenyea kiazi, kimemenya vizuri.

Lakini si cha baba. Na nitakuambia kwa nini, ili ufunge mjadala huu na Yahaya wako.

Cha baba ubapa wake umeliwa na jiwe mpaka umekuwa mwembamba, karibu nusu ya upana uliokuwa nao. Springi yake imechoka, ukifungua nusu haisimami, inapita moja kwa moja. Pembe upande wa kushoto ina ufa unaoshika uzi wa nguo ukikiingiza mfukoni. Na la mwisho, ambalo hata mtoto angeliona: hiki ncha yake ni nzima. Cha baba ncha imekatika kwa pembeni, kipande kidogo kama punje ya ngano, na pale palipokatika hapajanolewa tena, pana weusi wa kutu.

Kwa hiyo ulichokiona mnadani ni kisu tu. Kisu cha baba hakijaonekana, na nililosema siku ya matanga linabaki palepale. Sifurahii, lakini ukweli ni ukweli, na mtu akiwa mkubwa wa ukoo hawezi kuupinda kwa sababu kuna harusi. Evarist akatiwe nyama. Wakwe waambiwe meno yanamsumbua.

Kisu chako kiko salama. Nakitumia tumia hapa kidogo.

Kaka yako,
Theodory J. (Mkaguzi mstaafu)


Katesh,
8 Septemba 2024

Kaka Theodory,

Shikamoo. Salamu za huku utazipata siku nyingine, leo sina nafasi.

Ni kweli, kisu si cha baba. Nilijua siku ileile, nimechuchumaa mbele ya turubai la Yahaya. Nilikifungua, nikaona ncha nzima, nikajua. Nikakinunua hivyo hivyo, maana nilifikiri: Theodory hawezi kujua. Atasumbua, atanipa sumaku na malimau, mwishowe atakubali. Nilitaka kukudanganya ili Evarist ashike kisu kwenye harusi ya mwanawe, na ningekudanganya tena kesho, na kuungama ningeungama baadaye.

Sasa nisikilize vizuri. Ncha ya kisu cha baba ilikatika Alhamisi asubuhi. Baba alikuwa anabandua kifuniko cha kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilikuwepo mimi peke yangu, nilikuwa nimekwenda kumfulia. Ikasema "tak", baba akatukana, kisha akaniomba radhi kwa tusi, akakunja kisu akakitia kwenye koti. Evarist alikuwa shambani. Mchana ule ule kifua kikambana, tukampeleka hospitali na koti lake mwilini. Ijumaa akafariki. Wewe ulifika kutoka Dongobesh Jumamosi, na kwa maneno yako mwenyewe mbele ya ukoo, ulipofika kisu kilikuwa kimeshapotea.

Ncha iliyokatika Alhamisi umeiona lini, Kaka?

Na kutu umeiona lini? Kutu haikuwepo Alhamisi. Ilikatika nyeupe, inang'aa, nimeiona kwa macho yangu haya. Ili iwe nyeusi inabidi kisu kikae. Kikae mahali, na mtu awe anakifungua mara kwa mara akikitazama, mpaka ajue na ufa upande gani unashika uzi wa mfuko gani.

Koti la baba ulilichukua wewe. Lilikuwa haki yako, wewe ni mkubwa, hakuna aliyelalamika. Lile koti lilikuwa na bitana iliyochanika mfuko wa ndani, mimi nilikuwa nalishona kila mwaka na baba analichana kila mwaka. Nadhani uliingiza mkono siku moja ya baridi ukagusa kitu kigumu chini kabisa, kwenye pindo. Nadhani tu. Sitaki kuambiwa ilikuwa mwezi gani.

Nilikuwa na hasira nikaenda kumwaga maji ya kufulia mlangoni kwa Shamimu, masikini, hana kosa. Hebu niambie, ulikuwa unakaa wapi ukikitazama? Barazani? Ulikuwa unanyamaza tu huku mimi namkatia Evarist nyama vipande vipande, Krismasi hii, Pasaka ile, ubatizo wa mjukuu wako mwenyewe, ambapo ulikuwa umekaa naye meza moja ukamwambia "kula, kula, usiogope"?

Harusi ni tarehe kumi na mbili Oktoba. Sijamwambia mtu.

Philomena


Dongobesh,
21 Septemba 2024

Philomena,

Marahaba. Tumepata upepo mkali, umeng'oa bati la banda la kuku. Bernadina anauliza kama nguo ya harusi ni kitenge au gauni.

Limetokea jambo la bahati. Juzi nilipita mnadani hapa Dongobesh, nikakuta mtu ametandaza vitu vya mtumba, na miongoni mwake kuna kisu cha kukunja kinachofanana sana na cha marehemu baba. Nimekinunua. Muuzaji simfahamu, alikuwa amevaa kofia, na baadaye sikumwona tena. Nimekikagua na naona kina dalili zote.

Nakituma ndani ya kopo la kakao pamoja na kile kingine. Mpe Evarist, mwambie kimepatikana. Hakuna haja ya kueleza kimepatikana wapi, mambo ya mnada ni marefu na yanachosha watu. Ashike kisu, karamu iendelee, na tuwe tumemaliza.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, hukuyaandika.

Theodory


Katesh,
29 Septemba 2024

Kaka Theodory, shikamoo.

Mwambie wifi ni kitenge cha kijani, na anaye mshonaji huku kama amechelewa.

Kopo limefika. Nami nimekagua, maana siku hizi ukoo huu una wakaguzi wawili. Sumaku haikushika pini. Springi imechoka, inapita bila kusimama. Ubapa umeliwa nusu. Ufa upo upande wa kushoto. Ncha imekatika, punje moja ya ngano. Mpini una harufu ya vitunguu saumu, ambayo mtaalamu hakuitaja kwenye taarifa yake. Huyo mtu mwenye kofia lazima analima vitunguu, na lazima kisu amekaa nacho muda mrefu sana, na nikimwona nitamwambia yaliyo moyoni mwangu mpaka kofia imdondoke.

Nilikibusu, kaka. Nilikibusu nikakaa kitandani nikamlilia baba upya.

Jana nimekipeleka Gitting. Evarist alikuwa anafunga uzio wa kuwatenga ng'ombe na turubai la wageni. Nilimwita ndani, nikakiweka mezani, nikasema kama ulivyoniagiza: kimepatikana. Mke wake akapiga kigelegele, akashika mdomo. Violeth akakimbilia kushika simu apige picha.

Evarist hakukishika haraka. Alipangusa mikono kwanza. Akakichukua, akakifungua mara moja, akapitisha kidole pale kwenye ncha. Akakifunga, akanusa mpini. Akauliza, "Kimetoka kwa nani?" Nikasema mnadani. Akasema, "Mnada gani?" Nikaanza kukunja kitambaa cha meza, unajua mimi uongo nauweza kwa barua tu.

Basi akakisukuma upande wangu wa meza. Akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Hiki si cha baba. Cha baba nilikiiba mimi. Ukoo wote unajua, na watoto wao wanajua. Mrudishie mwenyewe."

Nikamwambia, Evarist, acha hizo, wakwe wanakuja. Akasema wakwe waje. Mbavu zitaletwa nzima kama kawaida, kisu kitazunguka, yeye atakaa mahali pake akisubiri sahani yake. Nikamwambia utaaibika mbele ya watu wa mwanao. Akasema, "Mimi? Mimi nimeshazoea. Nataka nimwone Theodory akizoea." Kisha akatoka kwenda kunywesha ng'ombe, na mke wake akaanza kunilaumu mimi.

Nakirudisha kwako kisu cha mtu mwenye kofia. Kile kingine nimekitunza, kinamenya viazi vizuri, hukusema uongo katika hilo. Mstari mmoja niliokuomba mwezi wa tano siutaki tena, kaka. Umepitwa na wakati.

Philomena


Dongobesh,
7 Oktoba 2024

Philomena mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako ya mwisho Bernadina aliifungua kabla yangu. Alidhani ni ya kitenge. Ameisoma na zile nyingine zote, maana alijua nazihifadhi wapi. Habari ya koti hakuwa anaijua. Jioni aliniletea chakula, nyama yangu ameikata vipande vidogo vidogo, ameipanga kwenye sahani ya plastiki ya mjukuu, ile yenye picha ya bata. Nikamuuliza hii nini. Akasema, kula, usiogope.

Amefanya hivyo kila siku tangu hapo. Mbele ya mafundi wa banda la kuku pia. Mmoja wao aliniuliza kama nimeng'olewa jino. Siku ya kwanza nilisusa. Siku ya pili nilikula nikiwa nimegeukia ukutani. Sasa nakula tu, na nikuambie ukweli, chakula cha namna hiyo hakishuki. Unakitafuna na hakishuki.

Nakuja Ijumaa na Bernadina, tutalala kwako kama kuna nafasi. Kisu ninacho mimi, nimekitia mfukoni mwa koti. Evarist usimwambie aje wala asije stendi, atakuja akitaka. Jumamosi kabla mbavu hazijaletwa mezani nitaomba nafasi nisimame, na nitasema kilikuwa wapi na kilikuwa kwa nani. Nimejaribu kusema hapa barazani mara kadhaa nikiwa peke yangu. Maneno mawili ya kwanza yanatoka, la tatu linakwama.

Likikwama na huko, basi nitamkabidhi Evarist kisu mbele ya wakwe na kukaa chini, na yeye anikatie mimi. Nitakula yote iliyoko kwenye sahani. Mwambie akate vipande vidogo, meno yangu si yale ya zamani.

Kaka yako,
Theodory